Mboga Juu ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, shefu wa usafi wa kambi ya reli ya Kamina, Kongo, alinikabidhi fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe. Nilikuwa kijana mwenye viatu vipya, nikidhani nitapewa kalamu. "Usiamini pua," aliniambia. "Pua inazoeaka. Uliza fimbo."

Fosi, yaani tangi la choo lililo chini ya ardhi, lina tabaka tatu: juu ukoko wa mafuta, katikati maji, chini tope. Unazamisha fimbo taratibu hadi sakafuni, unaitoa, unapima weusi kwenye kitambaa. Tope likifika theluthi ya kina, pampu iitwe. Ukingoja zaidi, uchafu unavuka hadi kwenye mifereji ya kuzamisha maji ardhini, nayo ikiziba ni balaa. Siku hizi nikisinzia mchana naiona fimbo ile ikishuka, ikishuka, nami nashuka nayo bila woga.

Kutoka kambi ya reli nilihamishiwa mtaa wa makarani, nikawa kapita, yaani msimamizi, wa wapimaji. Kiangazi kimoja, majani yote ya mji yamekauka, nilimkuta mke wa karani mmoja akichuma lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya nyumba. Ilikuwa kijani kibichi, imeota kwa mstari ulionyooka. Akanipa fungu, anatabasamu. Mstari ule ulikuwa wa mfereji wa fosi; maji ya choo ndiyo yaliyoinywesha. Nikafunua tangi, nikapima; fimbo ilitoka nyeusi karibu mpaka kwenye mkono wangu.

"Mama, ulijua?"

"Nilijuaka, papa. Niliogopa. Batatutosha mu nyumba, na minyi niko na mimba."

Alisema kweli, wangetolewa nyumbani. Aliyeficha fosi iliyojaa alinyang'anywa nyumba. Nikamwambia mboga zile zisiliwe. Alizing'oa mwenyewe, analia. Pampu ikaja siku ileile, na shefu nyuma yake.

"Nani alichelewa?"

"Ni minyi, Bwana. Nilipitaka hii nyumba bila kupima," nikadanganya.

Akanivua ukapita. Nikarudi kubeba mpira wa pampu, na huko nilibaki hadi nilipostaafu. Mke wangu alinuna mwaka mzima, akiniita mjinga wa makarani. Labda alikuwa na haki. Nanyi vijana, msingoje harufu, pimeni mapema.

Yule mama alijifungulia chumbani mwake, katika nyumba ileile, mvua za kwanza zikigonga bati. Nilikuwa napita barabarani, mpira begani, nikasikia mtoto analia. Nikasimama palepale, nimelowa, nina furaha, mpaka wenzangu wakaniita mara tatu.