Siku Niliyomfuata Sista Korongoni

Kila nikipita Makambako, pale wanapofunga malori ya mbao, harufu ya kamba ya katani iliyolowa mvua hunisimamisha. Watu hudhani nasubiri gari. Kumbe nimerudi utotoni, nina miaka kumi na mmoja, niko kwetu Njombe ukingoni mwa korongo, na moyo unanienda mbio.

Chini kabisa, kwenye mawe ya mto, alikuwa akilia Sista, mbuzi wangu wa kwanza, niliyepewa na bibi. Tulimwita hivyo kwa sababu ya shingo yake nyeupe, kama kola ya mtawa. Kosa lilikuwa langu: nilimwacha nikaenda kuokota masuku, yale matunda ya porini, naye akateremka msituni hadi mahali asipoweza kupanda. Mvua ilishaanza kunyesha milimani, na kufika jioni mto ungejaa.

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kufunga mizigo ya malori, alikuja na kamba zake mbili. Nikamwomba ashuke yeye.

“Mimi nikishuka, nani atanivuta?” akauliza. “Wewe na bibi yako?”

Bibi aliitazama miguu yangu, akanong'ona kwamba kamba hukatikia pembamba. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba sasa nitashuka mimi.

Kamba moja baba alinifunga kiunoni, ncha yake akabaki nayo mkononi, akasema hiyo ni ya kunipandisha tu. Ya pili aliifunga kwenye mti, akaipitisha mapajani mwangu na begani juu ya gunia tupu la viazi lililokunjwa, akanielekeza kuiachia kidogo kidogo, miguu ikikanyaga mwamba. Nikashuka! Mianzi ilinipiga mashavuni, kuvu zikanukia, mto ukanguruma karibu zaidi kila nilipopiga hatua. Katikati niliteleza, mikono ikaachia, nikaning'inia hewani kama mkungu wa ndizi. Nikaidaka tena kamba yangu, nikacheka peke yangu. Sikuwa na shaka kwamba nimejiokoa.

Sista alinitazama huku akitafuna, utadhani mimi ndiye niliyepotea. Nikamfunga kwa kamba ya begani, akavutwa juu akipiga mateke hewani. Kisha nikafuata mimi.

Jioni ile nilisimulia mara nne jinsi nilivyoshuka mwenyewe. Baba alikula ugali kwa kijiko. Nikamtania kwamba siku hizi amekuwa Mzungu, akacheka.

“Umeshuka mwenyewe, mwanangu,” akasema.

Mwaka jana, pale pale Makambako, nilimwona mfungaji mizigo akiponyokwa na kamba. Aliidaka kwa nguvu, mbao zikabaki juu. Alipofungua viganja, ngozi ilikuwa imetoka. Mwenzake akamtania kwamba leo atakula kwa kijiko.

Nikaikumbuka kamba ya kiunoni na kijiko cha baba, nikalia pale barabarani bila aibu. Baba hayupo tena nimwombe anionyeshe viganja vyake. Hadithi ya Sista bado nawasimulia wanangu, na bado naichangamkia vilevile. Ila siku hizi nasema tulishuka.