Samoni wa Lempi kwenye Maji ya Jodari

Lempi Ranta alikuwa na kicheko ambacho watu wa Astoria, mji wetu mdogo wa bandari, walikijua kabla ya kumjua mwenyewe. Kikimshika hakimwachii. Kiliwahi kumshika kanisani, mchungaji akimwombea kaka yake marehemu, kisa tu nyuki alikuwa anatembea juu ya upara wa mpiga kinanda. Ilibidi watu wawili wamtoe nje, na walipofika mlangoni hao wawili nao walikuwa wanahitaji wa kuwatoa.

Alizaliwa mtaa wa Wafini, kule chini ya daraja, baba yake akivua samoni mtoni kwa nyavu. Utotoni alikula samoni mpaka akawa anaomba apewe viazi vitupu. Alipokuwa msichana alikata vichwa vya samoni kiwandani, kisha akapika jikoni mwa shule ya sekondari hadi alipostaafu. Lakini bahari yenyewe, ile ya nje ya mlango wa mto, hakuwahi kuiendea. Marehemu mumewe, Arvo, fundi wa mapaa, alikuwa anatapika hata kwenye kivuko, na Lempi hakuona raha ya kwenda kuburudika peke yake huku mwenzake amebaki nchi kavu.

Aliyempeleka ni mkwe wake Duane. Aliyesababisha ni mimi.

Mimi ni jirani yao, na nilikuwa nimepangwa kuwa mtu wa tatu kwenye mashua, pamoja na Duane na mkewe Karla, binti wa Lempi. Siku moja kabla ya safari nikateleza nikishusha sanduku la barafu garini, nikavunjika mfupa wa bega. Duane alikuja kuniona nikiwa nimefungwa mkono, akanitazama kama mtu anavyolitazama gari lililokataa kuwaka. Ilikuwa Agosti, maji ya uvuguvugu yamesogea karibu na pwani, jodari wamekuja nayo, na Duane humchukulia jodari kama wengine wanavyoichukulia dini. Majira yote ya baridi hukaa gereji akifunga manyoya kwenye ndoano yawe chambo.

"Basi nitakwenda mimi," Lempi alisema.

"Mama, huko hakuna choo cha maana," Duane akamwambia.

"Mwanangu, nimepikia watoto wa sekondari maisha yangu yote. Hakuna kitakachonishtua."

Waliondoka alfajiri, Lempi amekaa juu ya sanduku la barafu na kapu la mikate ya iliki mapajani. Kwenye mlango wa mto mashua ilirushwa juu chini mpaka Karla akawa wa kijani kwa kichefuchefu. Lempi alikuwa anakula mkate. Saa kadhaa baadaye maji yakageuka ghafla, kijivu kikaisha, bluu ikaanza, safi kama wino. Duane akapunguza mwendo, akaachia mishipi nyuma ya mashua, manyoya yake yakawa yanakimbia juu ya maji kama vifaranga wanaofukuzwa.

"Sikiliza, Mama. Jodari akishika, anazama. Anakwenda chini moja kwa moja kama jiwe. Wewe shika fimbo ya mshipi, usimwachie, na usipige kelele."

"Kwa nini nisipige kelele?"

"Kwa sababu nitachanganyikiwa."

Hazikupita dakika nyingi gurudumu la mshipi wa upande wa kulia likalia. Duane akampa Lempi fimbo, na Lempi akaanza kuzungusha gurudumu, miguu ameikaza, ulimi nje. Kule nyuma ya mashua samaki akaruka. Akaruka tena, juu kabisa, akajipindua hewani akiangaza kama sinia la fedha.

"Jodari haruki," Duane alisema kwa sauti ya chini.

"Basi huyu hajaambiwa."

Walipomsogeza ubavuni mwa mashua, Karla aliinama akamtazama vizuri. Mgongo wa samaki ulikuwa wa bluu na kijani, umenyunyiziwa madoa meusi.

"Duane, huyu samoni."

"Siye."

"Duane."

"Samoni hawapo huku. Samoni wako karibu na pwani, wanasubiri kuingia mtoni. Na hawashiki chambo cha jodari kinachokwenda mbio hivi. Haiwezekani."

"Mwambie samaki mwenyewe, baba," Lempi akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa zangu tu."

Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Alijaribu kukimeza, kikatokea puani. Karla akamtazama mama yake, akajua yaliyo njiani, naye akaanza kutetemeka mabega.

Kumpakia huyo samaki hawakuweza. Sheria ya samoni inataka ndoano ya ncha moja isiyo na kijino, na za Duane zilikuwa za ncha mbili. Duane ni mtu wa sheria. Alipiga magoti, akamchomoa ndoano kwa koleo samaki akiwa bado majini, huku akiugua kama mtu anayeng'olewa jino lake mwenyewe. Samoni akapiga mkia mara moja, akamlowesha uso, akaenda zake.

"Wasalimie nyumbani," Lempi akamuaga, na ikabidi ajishike kwenye ukingo asianguke.

"Jambo hili libaki humu humu ndani ya mashua," Duane akasema akijipangusa.

Wakarudisha mishipi majini. Safari hii ukalia mshipi wa kushoto, Duane akaudaka mwenyewe kwa furaha, na samaki akaruka.

Karla alikaa chini palepale alipokuwa. Lempi hakuwa anatoa sauti tena, alikuwa anapigapiga tu kifuniko cha sanduku la barafu kwa kiganja. Duane aliendelea kuvuta, uso mkavu kabisa, na alipopiga magoti kumwachia samoni wa pili, redio ikaita. Ilikuwa mashua nyingine ya Astoria, wenyewe wamekwisha jaza jodari.

"Duane, vipi upande huo? Una chochote?"

Mikono ya Duane ilikuwa majini. Ya Lempi haikuwa na kazi.

Mimi siku hiyo nilikuwa duka la chambo bandarini pamoja na wazee wengine, kwa sababu pale kuna redio yenye mlingoti mrefu inayonasa mashua zote, na mtu aliyevunjika bega hana pa kwenda. Tulichosikia kwanza ni kicheko kitupu. Mwenye duka akaweka kikombe chake chini.

"Huyo Lempi," akasema.

"Tumepata samoni," sauti ya Lempi ikasema, ikakatika, ikarudi. "Wawili. Mkwe wangu anasema hawapo."

Kisha nahodha mmoja mzee, mzito wa maneno, akaingia: "Mama Lempi, mto mmeupita. Geukeni, uko nyuma yenu."

Baada yake wakaingia wote. Mmoja akauliza kama Duane anavutia ndoano zake ndani ya bwawa la samaki la serikali. Mwingine akataka kujua samoni wanapenda manyoya ya rangi gani, ili yeye asiyafunge. Duane alipofanikiwa kumnyang'anya mkwewe redio alisema maneno machache tu: "Hapa Duane. Mashua iko salama." Akaizima. Pale dukani mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, maana bega lilikuwa linaniua.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Karla. Yeye ndiye aliyekuwa amepewa usukani, lakini macho yamejaa machozi haoni mbele, na mashua ikaanza kuzunguka upande mmoja, duara kubwa la kivivu ambalo Duane asingelikubali hata siku moja. Duara hilo likaipitisha mashua juu ya kundi la jodari. Mishipi yote ikalia kwa mpigo mmoja.

Kahawa ikamwagika, mikate ikasambaa, mtu akakanyaga kofia ya Duane. Lempi alipata fimbo bila kujua imetoka wapi, na safari hii samaki alizama kweli, akamvuta mpaka tumbo likagota kwenye ukingo. Karla akamshika mama yake mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, wa pili akishika fimbo yake. Duane alikuwa anaruka huku na huku na kulabu, akiwapandisha jodari mmoja baada ya mwingine, nao wakigonga sakafu kwa mikia kama ngoma ya harusi. Jodari wa Lempi alipopanda, mnene, mapezi marefu kama mbawa, Lempi alimwangalia akasema, "Huyu ndiye uliyemtaka?"

"Huyu ndiye, Mama." Duane alikuwa na damu ya samaki mpaka masikioni. "Endelea kucheka. Usinyamaze."

"Sichekagi kwa amri."

"Karla, mkumbushe mama yako wale samoni."

Hapo Duane alikuwa amelitamka neno hilo kwa mdomo wake mwenyewe, na likamshinda. Karla anasema kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona mumewe akicheka mpaka kukaa chini. Alikaa katikati ya jodari, mgongo kwenye ubavu wa mashua, akicheka bila sauti.

Walirudi jioni, sanduku limejaa halifungiki. Nusu ya bandari ilikuwa inawasubiri, na hakuna aliyetazama sandukuni.

"Wako wapi samoni?"

"Jodari hawa hapa, mnawaona?" Duane akauliza.

"Tunawaona, tunawaona. Samoni je?"

Basi akawasimulia, kwa mikono na mabega, na katika simulizi yake alimtambua yule samoni tangu mshipi ulipolia tu. Karla akafungua kinywa. Lempi akamkanyaga mguu.

Usiku ule Aili, wifi yake Lempi, alimwashia sauna, kile chumba cha mvuke cha Wafini. Lempi aliingia, akakaa kwenye ubao wa chini, akagundua mikono haipandi zaidi ya kiuno. Aili ikabidi amwoshe nywele kama mtoto.

"Huyo samoni alikuwa mkubwa?" Aili akauliza, akimmiminia maji.

"Yupi?"

"Wifi, jibu vizuri."

Lempi akajaribu kutanua mikono aonyeshe urefu wa samaki. Ilitanuka kufikia upana wa magoti yake tu, ikaanguka.

"Zaidi ya hapo," akasema, na Aili akadondosha kata.