Mkamua alizeti wa Misigiri anayeamkiwa na mama yake

Mama yake Naftali hamjui tena Naftali. Hilo ndilo tatizo, na dawa ya kulimaliza hakuna.

Saa moja asubuhi, Misigiri, wilayani Iramba. Naftali Kiula, 54, anafungua kufuli la banda lake la kukamua alizeti. Kabla hajawasha mashine, bibi mwenye ungo kwapani anatoka uani na kupiga goti mbele yake.

"Shikamoo, tata."

Tata ni baba, kwa Kinyiramba. Anayeamkia ni Agripina, 79, mama aliyemzaa.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Ng'ombe wameshatoka?"

"Wametoka."

Hakuna ng'ombe. Waliuzwa.

Mteja aliyeleta magunia anatazama pembeni. Huku, mtu anayepokea shikamoo ya mama yake huonekana anajitafutia laana. Jirani yake Naftali, Sostenes, hakumficha.

"Kumbe wewe ndiye babu yetu siku hizi! Basi babu, nigawie mbuzi wa urithi."

"Nilicheka," anasema Naftali. "Ningefanyaje? Lakini ilinichoma."

Ilianza miaka minne iliyopita. Agripina alitia chumvi kwenye mlenda mara mbili, kisha mara tatu. Baadaye akapotea njia ya kanisani, njia aliyoipita tangu usichana. Wapo waliosema ni uzee, wapo waliotaja mganga. Naftali akampeleka hospitali, mjini Singida.

Daktari, mama mmoja aitwaye Loyce, aliwaambia dalili zote ni za alzaima. Naftali akataka aelezwe kwa Kiswahili cha mtu wa darasa la saba.

"Kwenye ubongo kuna protini," daktari akamwambia. "Ni kama uzi mrefu. Kila uzi una namna yake ya kujikunja ndipo ufanye kazi. Ukijikunja vibaya, unang'ang'ania wenzake, nao wanapinda kama wenyewe. Mwili unashindwa kuzisafisha, zinajazana, na chembe za ubongo zinakufa."

"Kama mashapo ya mafuta. Yakizidi, chujio linaziba."

"Unakaribia."

"Mimi chujio nalifungua, nalisugua."

"Hili hatujaweza kulifungua, baba. Tunaweza kumtunza tu, bila kubishana naye."

Naftali aliyashika maneno hayo, ila hakuyafuata. Kila mama yake alipomwita tata, alimsahihisha. "Mama, mimi ni Naftali. Baba yako alikufa zamani." Alidhani anampa heshima yake.

Kumbe kila asubuhi alikuwa anampa msiba mpya. Agripina alilia upya, kama mtu aliyeletewa habari hiyo hiyo leo. Siku moja Naftali akiwa kwenye mashine, mama akatoka kimya. Walimkuta jioni barabarani, njia ya kwao Kinampanda, miguu imevimba, ungo kichwani. Juu ya ungo kulikuwa na unga.

"Alikuwa anapeleka unga wa msiba," anasema Naftali. "Anakwenda kumzika baba yake. Mimi ndiye niliyemtuma."

Kesho yake alipoamkiwa, akaitika marahaba. Mama akatabasamu, akaenda zake kupepeta. Hajatoroka tena.

Mkewe, Editha, ndiye anayemwogesha na kumlisha. "Mkwe wangu huyu alikuwa mkali," anasema, akimfunga kanga. "Ugali wangu ukiwa laini alikuwa anauliza kama ni uji. Siku hizi ananiambia ahsante, shangazi. Bora angenigombeza."

Naftali anakumbuka uwanja wa nyumba ya zamani, miezi ya mavuno, uwele umelundikwa mpaka kiunoni. Mama alisimama na ungo, makapi yanaruka, nywele zake nyeupe kwa vumbi. Upepo ukigoma alimwita: "Nafu, piga mluzi, upepo uje." Naftali alipiga mluzi mpaka midomo ikakauka, na upepo ulikuja.

Mikono ile haijasahau. Humpa alizeti kidogo apepete pale bandani, na hazimwagiki. Ndiyo maana mvua zijazo anataka kupanda uwele nyuma ya nyumba, mbegu ambayo Misigiri wengi wameiacha kwa ajili ya alizeti.

"Siupandi niuze," anasema. "Nataka siku moja asimame uwanjani na ungo. Nitapiga mluzi. Labda ataniita Nafu, hata mara moja tu."

Mpaka leo ugonjwa huu umemlia Naftali ng'ombe wawili, mmoja wa vipimo na mmoja wa safari za hospitali. Msimu wa alizeti alikuwa anakamua magunia thelathini kwa siku. Sasa anakamua kumi na tano, kwa sababu saa nane anafunga akae na mama, Editha apate kwenda shamba. Baba yake ameshakufa, shangazi zake wameshakufa. Katika nyumba hii alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa kumpa shikamoo, mama yake.

Sasa yeye ndiye anayeamkiwa; wa kumwamkia hana hata mmoja.