Dume la Ubingwa

Juzi pale sokoni Mwigobero, Musoma, wauza dagaa walikuwa wakibishana kama timu yetu ya mpira, iliyofufuka msimu huu, itabaki kileleni mpaka mwisho. Mmoja akaniuliza, "Dada, safari hii si tunachukua?" Harufu ya nyama iliyokuwa ikichomwa pembeni ilikuwa imeshanirudisha nyumbani, Nyamuswa.

Wakati ule, nikiwa mtoto, pia timu ilikuwa imefufuka. Baba alikuwa na dume moja jeusi la ng'ombe, akaapa mbele ya majirani kwamba halichinjwi wala haliuzwi mpaka tuchukue ubingwa. "Hilo la kombe," aliwaambia wanunuzi, akiwafukuza. Mama alikuwa amelazwa hospitali Musoma. Mimi niliambiwa amekwenda kupumzika.

Alasiri moja nilirudi na ndoo yangu ya maji nikakuta uani pamejaa watu, moshi na harufu ya damu mbichi. Ngozi nyeusi ilikuwa imetandazwa kwenye nyasi. Baba alikaa kando ya redio iliyozimwa, macho mekundu. Sikujua bado kwamba kwetu msiba huchinjiwa dume. Nilijua tu ahadi ya baba. Nikatupa ndoo, nikazunguka uani nikipiga kelele, "Tumechukua! Tumechukua!"

Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza. Shangazi alitaka kunikamata, baba akamzuia.

"Mwache kwanza," alisema. "Mwache ashangilie."

Akanikatia kipande cha ini. Nilikula nusu. Nusu nyingine nikaifunga kwenye jani la mgomba, nimwekee mama.