Mkanda wa Kiunoni

Mtaani walimwita Mama Zipu, kwa kuwa hapakuwa na zipu iliyomshinda. Miaka ishirini na mitano nyuma ya cherehani, akitengeneza mabegi ya watu! Kilichomshinda ni mumewe, basi.

Mumewe alikuwa tarishi mstaafu. Miaka thelathini aligawa barua kwa miguu, mkoba ukining'inia bega la kulia. Bega hilo lilipasuliwa mwaka juzi, na daktari hakumung'unya maneno: likichanika tena, mzee, halishoneki. Sasa mzee huyohuyo, na wastaafu wenzake wawili, kashikilia lake: kuvuka milima kwa miguu, siku kumi na sita. Jamani!

Walikwenda dukani pamoja. Mama Zipu alimchagulia begi lenye fremu na mkanda mpana wa kiunoni.

"Chukua hili. Mzigo unakaa nyongani, bega linapumzika."

"Kilo mbili, na sijatia hata soksi?" Mzee alilirudisha, akanyanyua jingine kwa kidole kimoja: kitambaa chembamba na mikanda miwili ya mabegani, hakuna zaidi. "Gramu mia sita! Mama watoto, hili ndilo."

"Baba watoto, wepesi wa begi haupunguzi mzigo wa ndani. Wote utaangukia bega."

"Wewe unashona. Aliyebeba maisha yake yote ni mimi."

Wakalinunua lile jepesi, ila roho ya Mama Zipu haikutulia. Nyumbani alitoa mkanda wa kiunoni kwenye begi bovu lililotelekezwa na mteja, akautia sponji, akaushonea kwenye lile begi jepesi, mishono mitatu mitatu. Kazi safi, hata yeye mwenyewe aliikubali.

Asubuhi aliukuta mezani, umefumuliwa kwa mkasi wake mwenyewe, kando ya mzani wa jikoni.

"Gramu mia mbili na themanini," mzee alisema, wala hakukasirika. "Mimi nimekata mpaka mpini wa mswaki, mke wangu, wewe unaniongezea."

Mama Zipu alitaka kulia, akaishia kumwomba jambo moja tu: avae mikanda yote miwili, kushoto na kulia, mpaka arudi.

"Nakuahidi," mzee alisema, akamgeuzia mgongo. Mama Zipu akamvalisha begi kama mtoto wa shule, akamkazia huku na huku, kisha akasimama getini kumwangalia.

Mzee alitembea wima, mikanda yote miwili mahali pake. Akampita kinyozi, akampita muuza magazeti. Alipofika konani, pengine bila hata kufikiri, aliteremsha mkanda wa kushoto, begi zima akaliachia bega la kulia, kama siku zote za barua. Akakata kona.

Mdomo wa Mama Zipu ulikuwa umeshafunguka amwite. Amwite amwambie nini ambacho hajamwambia? Alirudi ndani, akaketi kwenye cherehani, ule mkanda wa kiunoni mapajani, akaanza kuuchomoa nyuzi zilizokatwa, mmoja mmoja.