Mume Wangu na Swali la Daraja

Siku ya kufungua daraja jipya, serikali ilimpa mume wangu mkasi akate utepe. Watu wote waliosimama pale kwenye matope walijua anakata kazi yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeinamisha kichwa. Maana aliyemponza ni mimi.

Ngoja nianze mwanzo.

Mume wangu anaitwa Delbert Hallett. Kwa miaka kumi na miwili alikiongoza chama cha Wahafidhina hapa New Brunswick, Kanada, na miaka yote hiyo tulikuwa upinzani. Chaguzi tatu, vipigo vitatu.

Kila tukishindwa alikuwa ananiambia, "Safari hii tumewatisha, Wilma."

Walitishika kweli. Walitishika wakiwa ofisini, sisi tuko nje kwenye theluji.

Kilichombakiza kwenye uongozi ni swali moja tu. Bunge la mkoa likianza vikao kule Fredericton, Del anasimama, anakohoa, anamuuliza waziri wa barabara: daraja letu litajengwa lini?

Lilikuwa daraja la mbao, la njia moja. Kila Aprili barafu ikianza kushuka mtoni, linafungwa. Ukitaka kwenda ng'ambo unazunguka kilomita sitini.

Waziri, bwana mmoja anaitwa Daigle, naye alikuwa na jibu moja. "Tunalifanyia tathmini."

Wabunge wanagonga meza, magazeti yanaandika, basi kila mtu kapata riziki yake. Na watu wetu walimpenda kwa hilo. Akienda kwenye karamu ya maharage kanisani, vikongwe wanampakulia mara mbili. "Kula, mwanangu, ukawaulize tena."

Tatizo, mama yangu alikuwa anakaa ng'ambo.

Aprili ya mwaka mmoja, daraja limefungwa, akaanguka jikoni. Ana miaka themanini na minne. Alinipigia simu akiwa sakafuni, na mimi kutoka dirishani kwangu naiona nyumba yake, naona hata pazia.

Nilitumia saa moja na nusu kumfikia.

"Umechelewa," akaniambia. "Vigae vyote nimeshahesabu. Ni mia na sita."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Nilicheka ili asinione nalia, halafu nikalia vilevile.

Jumapili ile mezani nikamuuliza Del, "Hivi wewe unataka daraja lijengwe, au unataka kuliuliza?"

Akapaka siagi kwenye mkate taratibu, mpaka pembeni.

"Nitawauliza tena Jumanne," akasema.

Jamani, nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mwanaume huyu. Kesho yake nikamwandikia Daigle barua. Nikamweleza kila kitu: mama, sakafu, pazia. Chini nikasaini jina langu la kwetu, Wilma Estey, asijue ni mke wa nani.

Nikaposti. Nikauchuna.

Miezi miwili baadaye matingatinga yakafika mtoni.

Del alisimama dirishani na kikombe chake mpaka chai ikapoa. "Wanalijenga," akasema, kama mtu aliyepewa habari za msiba. "Wanalijenga kweli."

Kikao kilichofuata alisimama, akakohoa, akatazama karatasi yake, akakaa. Mbunge mmoja wa upande wa serikali akamtania, "Del, tuulize basi hata hali ya hewa."

Ule mkasi nimeshawasimulia. Uchaguzi ukaja, na safari hii hakikushindwa chama peke yake. Del alipoteza kiti chake mwenyewe, hapahapa nyumbani, kwa kura mia moja na kumi na moja.

Na wale vikongwe wa maharage? "Mwanangu, daraja tumeshapata. Pumzika sasa."

Akajiuzulu uongozi. Wiki nzima alikuwa anashinda gereji akipanga misumari kwa ukubwa. Moyo ukanisuta mpaka nikashindwa kula.

Nikamfuata. "Del, kuna barua niliandika."

Hakushtuka. Akavuta droo ya misumari, akatoa bahasha.

Barua yangu.

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Nilibadilisha jina, nikaficha anwani, halafu barua yenyewe nikaitia kwenye mojawapo ya bahasha za ofisi yake. Zina nembo ya chama, na pembeni picha yake anatabasamu. Nyumba yetu ilikuwa haina bahasha nyingine kwa miaka kumi na miwili.

Daigle alimrudishia, na kikaratasi juu yake: "Del, mkeo anauliza vizuri kuliko wewe. Lakini nikilijenga, wewe utabaki na nini? Niambie, nifanyeje?"

Nikakisoma mara mbili. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia alijenge. Mama mkwe asihesabu vigae mwaka mwingine."

"Na mbona hukuniambia?"

Akarudi kwenye misumari yake. "Ungejisifu."

Siku hizi kwa mama ni dakika nne. Del ndiye anayempelekea chakula, na anampa taarifa ya siasa ambayo hakuombwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye bahasha.

Mwenzangu, ukimwona mtu anauliza swali moja miaka nenda miaka rudi, mchunguze kama anatafuta jibu au anatafuta kura. Ila ukimpata aliyeruhusu jibu lije huku akijua litamla yeye, huyo mpakulie maharage mara mbili, hata kama hukumpa kura.

Mimi nilimpa. Zilipungua mia moja na kumi na moja tu.