Samaki wa Kwanza wa Nyanya

Mwezi uliopita nilivua viatu, na huo ndio upumbavu wangu. Wajukuu walikuwa wamenitoa Nakuru kwa nguvu, mimi ambaye hata kwenda sokoni naona ni safari, ili niwaonyeshe kisiwa nilikolelewa katika Ziwa Naivasha. Mashua ilipogusa ukingo nikataka wajue babu yao ni mtoto wa majini. Nikakunja suruali, nikaruka. Nikazama hadi magotini katika mafunjo yaliyooza na mavi ya kiboko.

"Babu, sasa ndio umefika nyumbani," mmoja akaniambia, ameziba pua. Ubaya ni kwamba alisema kweli. Harufu ilikuwa ile ile.

Usimwamini, rafiki yangu, anayekuambia kisiwa ni mahali pa raha. Katika miaka ya hamsini baba alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu pale, na migunga yote iliyozunguka nyumba yetu ilitawaliwa na ndege weusi walao samaki. Walikunya mpaka matawi yakawa meupe. Mvua iliosha paa, paa likajaza pipa, na pipa ndilo lililotunywesha sisi. Nyanya aliyachuja maji yale kwa kitambaa na kusema, "Ikichemka ni chai." Jioni vijidudu vya ziwani vilishuka kama moshi, vikatua kwenye uji. Mwanzoni tulivitoa kwa kidole. Baadaye tulifumba macho tu. Naye kiboko alikuja kula mahindi yetu, akitupakia ukuta mavi kwa mkia wake, kazi ambayo hakuna aliyemwomba.

Lakini hakuna kilichomchefua nyanya kama samaki. Kwao Kinangop hakuna aliyemla. Walimhesabu ndugu wa nyoka. Jirani yetu, mke wa mpiga makasia, alikuwa ametoka Nyanza, na hakukosa kutuletea. Kukataa cha jirani ni aibu, kwa hivyo nyanya alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akangoja mama yule apotee nyuma ya zizi, ndipo akamwita paka. Paka wetu alinenepa kuliko sisi.

Halafu posho ya unga ikakatika. Ilikuwa ikivushwa kwa mashua, na wakati ule wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni hakuna aliyevuka bila kibali. Maziwa tuliyaona yakipita. Yalikuwa ya mzungu. Dada yangu mdogo, aliyekuwa ameacha kunyonya juzi tu, akalegea hata shingo ikashindwa kubeba kichwa. Hata kulia aliacha. Nyanya akamtazama, kisha akamtazama paka. Samaki wa siku hiyo akampeleka jikoni.

Hakuwa amewahi kuona samaki akipikwa. Akamtumbukiza mzima kwenye chungu, na magamba, na macho, na vyote vya ndani, juu ya maharagwe kidogo yaliyobaki. Mchuzi ukawa wa kijani. Alikula wa kwanza, ametazama ukuta ili tusione uso wake. Mimi nilimeza kipande kichungu kama dawa ya ng'ombe, magamba yakanikwama kwenye meno kama kucha za mtu, nikatoka mbio. Nikiwa bado nimeinama nje nikamsikia dada akilia kwa sauti nzima. Bakuli lake lilikuwa tupu, alitaka lingine.

Leo nyumba zile hazipo hata alama, na migunga yetu imebaki vigogo ndani ya maji. Nyanya alizikwa Kinangop kama alivyotaka. Dada ni bibi mnene anayeagiza samaki kila akipita Naivasha, na kunicheka nikiagiza mayai. Kinachonishangaza ni kwamba uvundo ule, nikiwa hapa nyumbani kwangu safi, wakati mwingine nautafuta. Nao ukinijia, namwona jirani yetu alivyoingia jioni ile, akafunua chungu, akakoroga, akamtazama dada kisha nyanya:

"Mama, mtoto atapona. Lakini samaki hupasuliwa tumbo kwanza. Hiyo mmekula ni mavi."